Mafuta ya Papa Kwenye Cheni

Msimbati,
Jumamosi, 10 Mei 2025

Mpendwa Madalena,

Kila Ijumaa, baba akishavaa kanzu na kwenda msikitini, mimi naiharibu kazi yake. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Wewe ndiye wa kwanza.

Pikipiki yetu unaijua. Ile nyekundu aliyoinunua ikiwa imeshapita mikono ya watu wengi, ambayo mita yake ilihesabu mpaka mwisho, ikaanza upya, halafu ikafa. Ndiyo inayobeba samaki kuja sokoni kwenu na kurudi na abiria. Hatuna shamba la maana wala chombo baharini. Siku ile pikipiki ikikataa, hakuna kitu kingine nyumbani kitakachotulisha.

Sasa sikiliza. Baba alikuwa fundi wa mashua, na miaka yote alizipaka mafuta ya papa, yale ya maini yanayochemshwa mpaka mtaa mzima unaziba pua, ili mbao zisiliwe na chumvi. Alipoinunua pikipiki akasema chumvi inakula chuma kama inavyokula mbao, basi dawa ni ile ile. Kila Alhamisi jioni anatoa dumu lake na kipande cha kumbi la nazi, anapaka fremu, spoki, mpaka bomba la moshi, ndiyo maana tukipita mtu hujua bila kutazama. Kwenye fremu sina neno, kutu haijaigusa. Lakini anapaka na cheni. Barabara yetu ni mchanga mtupu, na yale mafuta yanaganda kama gundi. Mchanga unanasa, na cheni inajisaga yenyewe kama inayopigwa tupa. Mwaka jana ilikatika na kukatika, na kila ilipokatika baba alisema hakupaka ya kutosha.

Nilipokuwa nakaa chumba chenu cha uani kwa ajili ya shule, nilimtazama sana babako akifanya kazi gerejini. Sikuwahi kumuuliza swali hata moja, unanijua. Lakini nilimsikia akiwaambia wateja kwamba pikipiki iliyotembea sana isisubiriwe mpaka ilie, ikaguliwe ingali kimya. Basi mimi naikagua. Naosha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, naikausha, naipaka ile oili ya giaboksi uliyonipa nilipohama. Napima kwa vidole kama cheni imelegea. Nagonga spoki moja moja kwa spana, nikisikiliza iliyolegea, maana hiyo mlio wake ni mzito kama sufuria lenye ufa. Nakung'uta mchanga kwenye kichujio cha hewa. Baba akirudi ananikuta jikoni natumbua samaki, ili mikono inayonuka papa isiulizwe. Mama analalamika tu kwamba koroboi siku hizi inakunywa mafuta kama mlevi.

Oili imeisha. Nitumie kidogo kwenye chupa isiyosema ni nini, umpe baba mwenyewe pale sokoni. Ndiyo, yeye ndiye tarishi wetu, na barua hii imo kwenye mfuko wa shati lake. Simu siwezi. Ya baba imekufa kisikilizio, inaongea kwa spika tu, kila simu ni mkutano wa nyumba nzima.

Usimwambie mtu. Hata babako.

Wako,
Somoe Hassani


Chuno, Mtwara,
Jumanne, 13 Mei 2025

Somoe, mwizi wa Ijumaa,

Nimecheka mpaka mama akaja kuniuliza barua imetoka kwa nani. Nikamwambia kwa mchumba. Usihofu, hajaamini.

Oili ndiyo hiyo, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nimemwambia babako ni dawa ya kifua chako. Akasema, "Mbona hakohoi?" Nikamjibu ndiyo kazi ya dawa hiyo, inanywewa kabla. Akaitia mfukoni bila kubisha. Kumbe kwa kifua chako habishani na mtu.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe huko hulioni. Babako akifika sokoni, anaegesha pale wanapokaa waendesha bodaboda, anapiga gurudumu lake teke na kuuliza ni fundi gani Mtwara nzima aliyemuuzia cheni mwaka huu. Hakuna, na ni kweli, hata baba yangu hajamuuzia. Wale vijana walikuwa wakimcheka. Sasa wanaulizia mafuta. Amiri wa kwenu ameanza kupaka, na Salumu wa Madimba aliondoka juzi na dumu zima juu ya tangi lake kama kapewa mtoto.

Unaona hapo? Babako anadhani mafuta ndiyo yanayomlinda, kumbe ni wewe. Wenzake wanapaka, lakini hawana Somoe nyumbani.

Mwambie. Shuleni ulikuwa na majibu yote na hunyooshi mkono, mwalimu anamsifu mwingine, wewe unatazama daftari. Mimi nilikuwa nakasirika kwa niaba yako. Hii siyo shule.

Baba sijamwambia. Ninaumia, lakini sijamwambia.

Madalena Jeronimo


Msimbati,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Madalena,

Umenikasirisha, na nakuandikia kabla hasira haijaisha, kwa sababu ikiisha nitaandika salamu tu.

Unasema ninyooshe mkono. Wewe hukuwepo mashua za faiba zilipokuja na watu wakaacha kumwita baba. Alikuwa akikaa barazani na nyundo yake ya kukalafatia, ile ya kuzibia nyufa za mashua, pembeni, kila anayepita anamsalimu na kupita. Miaka ile yote hakuna aliyesimama kumuuliza kitu. Sasa watu wanabisha hodi. Juzi Amiri alimwita "fundi" mbele yangu, na baba akaiweka sawa kofia yake kichwani. Unataka mimi binti yake nimvue kofia ile mbele ya watu? Sitaki. Hilo sitalifanya, hata ukinichora ubaoni na masikio ya punda.

Na usidhani nimekaa bure. Ijumaa iliyopita nimeosha cheni tatu. Wanaotoka mbali huegesha pikipiki nyuma ya ukuta wa msikiti. Nilikwenda na mswaki wangu na kopo. Hotuba inasikika kwenye spika, kwa hiyo najua wamefika wapi na nimebakiwa na muda gani. Nimeosha ya Amiri na ya mwenzake, nikarudi mbio kuosha ya baba. Bi Rukia, yule jirani anayeuza vitumbua, alinikuta nimechuchumaa kwenye gurudumu. Nikamwambia natafuta hereni. Akanitazama. "Hereni gani inatafutwa kwa mswaki?" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Ijumaa ijayo nitakwenda tena.

Ya Salumu tu ndiyo siifikii. Yeye anasali kwao Madimba.

Kwa hiyo usiniite mwoga. Naona haya, siyo woga. Ni vitu viwili. Mwoga angeiacha cheni ijikate.

Usimwambie mtu.

Somoe


Chuno,
Jumatano, 11 Juni 2025

Somoe,

Barua hii nimempa Amiri, siyo babako. Utaelewa.

Jana Salumu ameanguka kwenye mteremko kabla ya kuingia mjini. Cheni ilikatika ikajikunja kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likakaza, pikipiki ikalala. Yeye amechubuka. Nyuma alikuwa amembeba Bi Rukia, anakuja kununua unga. Mkono wake umevunjika juu ya kiwiko, wamemfunga plasta. Yu mzima, anakula, anamtukana Salumu vizuri tu. Lakini ingekuwa nyuma yao linakuja lori la korosho, nisingekuwa nakuandikia kuhusu mkono.

Pikipiki imeletwa kwetu. Baba aliishika ile cheni, akaipitisha vidoleni, akanionyesha. Ilikuwa na uji wa mchanga, na meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa mwenyewe. Akamuuliza Salumu kapaka nini. Salumu akasema dawa ya Mzee Hassani. Baba akasema Hassani anapaka hiyo hiyo kila wiki na ya kwake iko nzima, hapa kuna kitu hakijasemwa. Halafu akanigeukia mimi. Aliniuliza mara mbili kama najua chochote. Nilisema sijui.

Sijawahi kumdanganya baba kwenye jambo la kazi. La kazi, Somoe. Mengine namdanganya.

Na kingine. Issa, kaka yake Salumu, anasema babako amewapa mafuta nusu. Anasema kuna kitu anachanganya mwenyewe usiku na hakuwaambia wenzake, ili pikipiki yake ibaki peke yake barabarani. Anakuja huko kumuuliza mbele za watu.

Kofia uliyokuwa unailinda wanakuja kuivua wao.

Madalena


Msimbati,
Jumamosi, 21 Juni 2025

Mpendwa Madalena,

Nisamehe kwa lile neno la "sijui" ulilolisema kwa ajili yangu. Mwambie babako kila kitu. Huku kila mtu anajua, hata kuku.

Issa alikuja Jumatatu asubuhi, wakati samaki wanapakiwa, watu wamejaa. Hakumsalimu baba. Akamwuliza mbele ya wote anachanganya nini kwenye mafuta. Baba akasema hachanganyi kitu. Issa akasema cheni ya mdogo wake imekatika na ya baba haikatiki, wamepaka kutoka dumu moja, sasa nani mwongo, cheni au mzee? Baba akaapa. Unajua baba haapi ovyo. Aliapa kwa Mungu kwamba hajamficha mtu kitu, na nikaona watu wanatazamana, hawamwamini.

"Basi yako inapakwa na nani?" Issa akamwambia. "Malaika?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la mama. Nilitamani mtu mwingine yeyote aseme. Nikaweka beseni chini.

"Baba hajawaficha kitu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemficha yeye. Anapaka Alhamisi, naosha Ijumaa."

Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, maana Issa aliniambia nirudie. Nikarudia. Nikaenda kwenye pikipiki ya baba, nikafuta cheni kwa ncha ya mtandio wangu mweupe, nikawaonyesha alama ya oili, nyembamba na safi. Nikaenda kwenye ya kijana mmoja wa Mnazi aliyeegesha hapo, naye alichukua mafuta kwa baba juzi, nikaifuta kwa ncha ya pili. Ilitoka mchanga mtupu. Nikawaambia ndio huo uliomvunja Bi Rukia mkono, hakuna uchawi. Mafuta ya papa yabaki kwenye fremu, kwenye cheni yanakamata mchanga.

Amiri akainama kutazama yake. "Mbona yangu safi?"

"Yako pia naosha," nikamwambia.

Hapo Bi Rukia, na mkono wake kwenye kitambaa shingoni, akapiga kelele kutoka nyuma: "Ile hereni!" Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanacheka kwa namna nyingine. Issa hakucheka. Aliondoka bila kumwomba baba radhi.

Baba aliniuliza kitu kimoja tu. "Tangu lini?"

"Tangu nimalize shule."

Akaishika pikipiki kwenye usukani, akaisukuma mpaka nyumbani bila kuiwasha.

Jioni nilikwenda kwa Bi Rukia. Nilimwambia nilijua, na nilinyamaza, na mkono wake ndio uliolipia. Hakunifokea. Alinipa unga niukande, na nimekuwa nikimkandia kila alfajiri. Hilo halitoshi, najua.

Sasa sikia la baba. Hatusemezani. Alhamisi alitoa dumu, akapaka cheni huku akinitazama, akarudia, akarudia tena, mpaka ikawa inadondosha. Mama akasema "Baba Somoe, jamani," akajifanya hasikii. Basi Ijumaa sikungoja aende msikitini. Niliitoa pikipiki bandani mpaka barabarani, mbele ya nyumba, wakati watu wote wanapita na kanzu zao, nikachuchumaa nikaosha. Wakanitania. Mmoja akaniuliza kama nauza sabuni. Mwingine akasema mwanaume atakayenioa aje na cheni chafu. Uso wangu ulikuwa unaungua. Baba akapita karibu kabisa, pindo la kanzu yake likanigusa bega. Nami sikuinua kichwa, wala sikuacha.

Alhamisi atapaka, naona. Na Ijumaa nitaosha. Tuone nani atachoka.

Safari hii mwambie yeyote unayetaka.

Somoe


Msimbati,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kwa Fundi Jeronimo,
Chuno.

Salamu sana. Natumaini wewe na mama Madalena na watoto hamjambo. Sisi ni wazima. Nimekuandikia kwa sababu simu yangu inapiga kelele na mhusika yumo ndani ya nyumba.

Habari za cheni umezisikia. Nimekaa nikafikiri. Mashua inakaa majini, mchanga haupandi mbavuni mwake. Pikipiki inakula mchanga kutwa. Nilikosea. Nimekwenda kwa Salumu na kwa Bi Rukia kuwaambia hivyo kwa mdomo wangu, na vijana wote waliochukua mafuta kwangu nimewaambia waoshe. Binti yangu sijamwambia, na sitaki aambiwe.

Sababu ni hii. Nilipokuwa kwenye mashua, mwenye chombo alikuja akanifokea nimfungie mbao haraka kabla sijaziba vizuri, samaki wapo, wenzake wameshatoka. Fundi anayeona haya anamfungia. Ustadi wote wa mikono haumsaidii huyo. Sasa Somoe ana haya tangu azaliwe, mgeni akija anakula jikoni. Lakini kila Ijumaa anatoa pikipiki barabarani, watu wanamcheka, mimi mwenyewe napita nimemkunjia uso, na anaosha tu. Nikimwambia leo kwamba ameshinda, atarudi jikoni. Kwa hiyo nitaendelea kupaka.

Lakini sitaki cheni iumie kwa ajili ya ubishi wetu. Nakuomba unitilie oili yenyewe, ile inayotakiwa, kwenye dumu hili analolileta Amiri. Nimeliosha kwa majivu, lakini harufu haitoki yote, na ni vizuri isitoke.

La pili. Kidato cha tano hakupata. Nasikia unatafuta mtu wa kukusaidia gereji. Mimi nilidhani kazi hiyo ni ya wavulana. Ukimtaka, mwite wewe, iwe neno lako, lisiwe langu. Akigoma kukutii mahali ambapo wewe umekosea, usije kunilalamikia.

Jambo hili libaki baina yetu wawili.

Wako,
Hassani, aliyekuwa fundi wa mashua


Msimbati,
Jumamosi, 12 Julai 2025

Mpendwa Madalena,

Salamu ya babako nimeipata. Baba aliitoa wakati wa chakula, akiitazama sahani, kana kwamba anaiambia mihogo. Alisema Fundi Jeronimo anatafuta mtu gereji, yeye hajui kama humu ndani kuna mtu. Mama akaacha kutafuna.

Nikasema yupo. Nikasema nitakwenda, lakini kila Alhamisi jioni narudi, na Ijumaa nashinda hapa, kwa sababu kuna pikipiki hapa inapakwa uchafu na mwenyewe hasikii. Nilimwambia hivyo hivyo, Madalena, kwa sauti ambayo hata jirani alisikia. Baba akasema hajawahi kuona mtoto mkaidi namna hii. Nikamwambia mimi nimewahi kumwona mzee. Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akanawa, akatoka nje, na nikamwona kupitia dirisha anaiweka sawa kofia yake.

Mwambie babako nitafika Jumatatu. Mwambie pia kwamba wateja wakinicheka sitajificha, na mtu akitaka kuondoka na breki zilizokwisha sitamfungia gurudumu, hata akipiga kelele. Kama hataki mtu wa hivyo, aseme mapema.

Sasa kuna jambo moja. Nimeanza barua zetu kwa siri, na nyingine hii hapa.

Wiki iliyopita baba alipaka kama kawaida. Dumu lile lile, kumbi lile lile, uso umekunjwa, anahakikisha namwona. Ijumaa niliitoa pikipiki barabarani, nikachovya mswaki. Cheni ilikuwa imepakwa taratibu, upande wa ndani, pingili kwa pingili, kama babako anavyopaka. Hakuna iliyodondosha. Mchanga ulikuwa kidogo sana. Nikaosha vile vile, maana watu walikuwa wanapita na mmojawapo ni yeye. Halafu nikaingia jikoni kutumbua samaki kama siku zote, nikasimama, nikanusa vidole.

Havikunuka papa, Madalena. Nilinusa tena. Ilikuwa ile harufu ya gereji yenu asubuhi.

Na jana ikawa hivyo hivyo. Kapaka oili safi huku amenikunjia uso, nikaiosha huku nimemkunjia wangu, nikaipaka tena ile ile. Tulivyo wajinga wawili. Sijui kaitoa wapi. Sitauliza. Akijua kwamba nimejua, ataacha kupaka, na mimi sitakuwa na sababu ya kurudi Alhamisi kubishana naye.

Kwa hiyo hili ulifiche kuliko yote. Asijue mtu yeyote, na hasa babako.

Wako,
Somoe